Kufunga gripu za joto kwenye pikipiki: mahali kazi inapokwama na namna ya kuiepusha

Mtu wa Pwani akisikia kwamba mwendesha pikipiki wa Dodoma anatafuta gripu za joto, hudhani ni utani. Hata hivyo, jiji hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti, kipupwe kinapokolea, hali ya hewa ya alfajiri huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Kwa aliyekaa barazani na kikombe cha chai hiyo ni baridi ya kuvumilika. Kwa anayetoka Nkuhungu saa kumi na moja na nusu alfajiri kumpeleka abiria Mji wa Serikali kule Mtumba, au anayeelekea Singida kwa njia ya Manyoni huku upepo ukimpiga kifuani, vidole hufa ganzi, na vidole vyenye ganzi huchelewa kushika breki.

Gripu ya joto ni gripu ya mpira kama nyingine, isipokuwa ndani yake umelazwa waya mwembamba unaopata moto umeme ukipita. Hununuliwa kwa jozi, pamoja na swichi ya kuongeza na kupunguza joto, na maelezo ya kwenye boksi huifanya kazi nzima ionekane ya nusu saa. Kuzivalisha kweli si jambo gumu. Usumbufu hutoka kwenye sehemu mbili: umeme wa pikipiki ndogo, ambao haukupangiwa mzigo huo, na mkono wa mafuta, yaani upande wa kulia unaozungushwa kuongeza mwendo, ambao huzunguka muda wote na kuuzungusha waya pamoja nao. Mwongozo huu umekaa zaidi kwenye sehemu hizo mbili, kwa kuwa mengine fundi yeyote wa mtaani anayaweza.

Pima umeme kabla hujatoa fedha

Jozi ya kawaida hutumia kati ya wati 30 na 50. Tuchukue ya wati 36: kwenye volti 12 inavuta ampea 3, na injini inapochaji kwa volti 14 jozi hiyo hiyo inavuta ampea 3.5, yaani wati 49. Balbu ya taa kubwa ya pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni ya wati 35, na ile ya taa ya nyuma ni ya wati 5, ikipanda hadi 21 unaposhika breki. Kwa hiyo anayefunga gripu hizi anaongeza taa kubwa ya pili, na pengine zaidi ya hapo. Pikipiki kubwa za safari, ambazo jenereta yake hutoa wati mia kadhaa, hazishtuki. Pikipiki zetu za kazi hupata umeme kwenye koili za magneti zilizo ubavuni mwa injini, na koili hizo ziliwekwa zitosheleze taa, honi, indiketa na kuchaji betri ndogo. Ziada inayobaki ni ndogo.

Lipo jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji. Kwenye pikipiki nyingi za aina hiyo taa kubwa haitumii umeme wa betri, bali inalishwa moja kwa moja na magneti kwa mkondo geu (AC), unaobadili mwelekeo kila mara. Kuitambua ni rahisi: ukifungua swichi ya funguo bila kuwasha injini, taa kubwa haiwaki; injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kuongezewa mafuta, mwanga unafifia; ukiongeza mafuta, unang'aa. Usichukue kamwe umeme wa gripu kwenye waya wa taa ya namna hiyo, kwa sababu swichi ya kielektroniki inayokuja na gripu inataka mkondo mnyoofu (DC) wa betri, na ikikutana na mkondo geu unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Na ule ushauri unaosikika vijiweni, kwamba ukibadilisha taa kubwa ukaweka ya LED utapata umeme wa kutosha kwa gripu, una ukweli kwenye pikipiki ambayo taa yake inatumia betri tu. Kwenye nyingine wati ulizookoa hazifiki kwenye betri mpaka koili na nyaya zake zibadilishwe, na hiyo ni kazi ya fundi umeme anayeijua, tena si ya bei ndogo.

Kupima kunahitaji mita ya kawaida ya umeme na balbu ya zamani ya taa kubwa ya wati 35 ambayo bado inawaka. Asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, gusa vichwa viwili vya betri kwa mita. Volti 12.6 au kidogo zaidi ni betri nzima iliyojaa; ikiwa chini ya 12, tatizo lako la kwanza ni betri yenyewe. Washa injini na taa zote, ongeza mafuta hadi mlio unaoufahamu wa safarini, kisha pima tena: hapo mita inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Sasa unganisha ile balbu ya zamani moja kwa moja kwenye betri kwa vipande viwili vya waya, ukiwa umeiegesha juu ya tofali wala si juu ya kiti au tangi, maana inachoma. Balbu hiyo inavuta umeme karibu sawa na gripu, na mita itakuonyesha maisha yatakavyokuwa baada ya kuzifunga. Volti zikibaki juu ya 13, pikipiki itazimudu barabarani. Zikielea kati ya 12.7 na 13, utazitumia kwa joto la chini na kwa safari ya masafa, si kwa kuzunguka mjini. Zikishuka chini ya hapo, betri inanyonywa kuliko inavyochajiwa, na kipo kifaa kingine cha kununua kwa fedha hiyo ambacho nitakitaja baadaye.

Rudia kipimo hicho injini ikiwa silensa. Karibu pikipiki zote ndogo zitashindwa, na si kasoro; magneti haizunguki vya kutosha. Maana yake ni kwamba gripu zizimwe ukiwa kwenye foleni au unaposubiri abiria ukiwa umeiacha injini ikinguruma. Ama wale ambao betri zao zilikufa zamani na wanaendelea kupiga kiki kila asubuhi, wanunue betri kwanza.

Ukubwa na urefu

Bomba la usukani wa pikipiki nyingi lina kipenyo cha milimita 22 kwa nje, ila upande wa kulia gripu haikai juu ya bomba hilo. Inakaa juu ya bomba la plastiki linalovuta waya wa mafuta, ambalo ni nene zaidi. Ndiyo sababu gripu ya kulia ina tundu pana kuliko ya kushoto, na ndiyo sababu ya kuangalia alama za pande mbili kabla ya kupaka gundi yoyote. Pima pia urefu wa gripu za zamani. Gripu mpya ikizidi hata kwa sentimita moja, utalazimika kusogeza vishikio vya breki na klachi kuelekea katikati, na boksi la swichi huwa na kipini kidogo kilichoingia kwenye tundu la usukani ambacho kinalizuia lisisogee. Wengine hukata kipini hicho, na boksi linaanza kuzunguka usukanini wakati wa kubonyeza honi. Nunua gripu ya urefu sahihi. Kama pikipiki ina vizito vya mwisho wa usukani au kinga za mikono zilizofungwa kwenye ncha, hakikisha gripu zina tundu upande wa nje.

Kuvalisha

Gripu za zamani zikatwe kwa wembe kwa urefu wake na kubanduliwa. Hazitarudi, kwa hiyo usipoteze asubuhi nzima kuzinusuru. Angalia tu wembe usilichane bomba la plastiki. Bomba hilo huwa na mistari iliyoinuka ambayo iliwekwa ili gripu ya kiwandani ishike, na gripu ya joto, ambayo ndani yake ni ngumu, haipiti juu ya mistari hiyo. Iondoe kwa tupa laini na msasa, kidogo kidogo, ukijaribu gripu kila baada ya muda, hadi iingie kwa kusukumwa na kiganja tu. Anayetumia nyundo, hata ya mpira, au anayeisokota kwa nguvu zake zote kama anayekamua nguo, ndiye anayeukata ule waya mwembamba wa ndani kabla gripu haijawahi kupata moto hata mara moja. Mafuta na grisi visitumike kuirahisishia njia. Kitambaa chenye petroli kidogo kinatosha kusafisha, kisha acha pakauke kabisa.

Gundi inahitaji uangalifu upande wa kulia. Ikipakwa nyingi, inasukumwa na gripu hadi kwenye ncha ya bomba la plastiki, inaingia ndani yake, na bomba linagandana na usukani. Aliyeipaka hajui mpaka gundi imekauka na mkono wa mafuta umegoma kuzunguka. Njia salama ni kulegeza skrubu mbili za boksi la mkono wa mafuta, kuuchomoa waya wa mafuta, kulitoa bomba zima na kulivalisha gripu likiwa mezani. Paka gundi nyembamba kwenye theluthi ya kwanza ya bomba, sukuma gripu kwa mwendo mmoja bila kusita, elekeza waya mahali pake, kisha iache. Supaglu hukuacha na sekunde chache tu za kurekebisha. Gundi ya kuchanganya inakupa dakika. Iliyokuja kwenye boksi ifuate maelezo yake, na joto lisiwashwe kabla haijakauka kwa muda ulioandikwa.

Waya wa mkono wa mafuta

Hapa ndipo penye hatari, na mengine yote ni usumbufu tu. Kila unapoongeza mafuta gripu inazunguka robo ya mduara au zaidi, na waya unaotoka kwenye shina lake unazunguka nayo. Ukifungwa kwa kukazwa, utavuta mkono wa mafuta au utakatika. Ukiachwa mrefu ovyo, utanasa kwenye kishikio cha breki au kuingia kati ya gripu na boksi la swichi, na injini itabaki imefunguka wakati dereva anataka isimame.

Elekeza shina la waya ili, mkono ukiwa umefungwa kabisa, litazame mbele na chini kidogo, mbali na kidole gumba na mbali na kishikio cha breki. Acha kitanzi kilegevu kati ya gripu na mahali pa kwanza pa kuufunga waya, na ufungie hapo kwenye bomba la usukani, wala si kwenye waya wa breki unaocheza. Jaribu kufungua mafuta hadi mwisho ukiutazama waya: kitanzi kinatakiwa kijikunje na kujikunjua polepole bila kugusa kitu. Kisha achia mkono ghafla. Unatakiwa urudi wenyewe kwa mlio mmoja mkavu wa bomba kugonga mwisho wake. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto hadi mwisho, halafu kulia hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa. Baadaye rudia injini ikiwa silensa, usikilize kama mlio unapanda unapogeuza usukani. Ukipanda hata kidogo, kuna waya unaovutwa, na pikipiki hiyo isitoke uani.

Niliwahi kuletewa pikipiki kutoka Ipagala ambayo mkono wake ulirudi vizuri asubuhi na kukwama mchana. Nyaya zilikuwa zimelazwa kwa ustadi. Kosa lilikuwa kwenye ukingo wa gripu, ule mdomo mpana wa upande wa ndani: ulikuwa umesukumwa hadi ukagusa boksi la swichi, na tone la gundi lililokauka hapo lilikuwa limechimba mfereji mwembamba unaong'aa kwenye plastiki ya boksi. Jua lilipopanda mpira ulitanuka, na mguso ukageuka kuwa breki. Acha nafasi ya milimita moja hadi mbili kati ya gripu na boksi, kiasi cha kupitisha kadi ya benki bila kuibana, na nafasi ndogo kama hiyo upande wa nje ikiwa kuna kizito.

Fyuzi, rilei na njia ya nyaya

Umeme utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu kabisa na kichwa cha chanya, ndipo uende kwingine. Fyuzi ikiwekwa mbali, kipande chote cha waya kati yake na betri hakina ulinzi, na kikichubuka kwenye fremu kitawaka kabla ya kitu kingine chochote.

Usiiunganishe swichi ya gripu moja kwa moja na betri hata kama ina kitufe chake cha kuzima. Mtu husahau. Betri ya ampea-saa 5 ikivutwa ampea 3 ingemalizika, kwa hesabu ya karatasi, ndani ya saa moja na dakika 40, na stata itakuwa imeshindwa kuzungusha injini mapema kuliko hapo. Weka rilei ndogo ya pini nne, yaani swichi inayofunguliwa na kufungwa na umeme wa waya mwingine. Pini ya 30 ipokee umeme kutoka kwenye fyuzi, pini ya 87 iupeleke kwenye gripu, pini ya 85 iende kwenye asi (upande wa hasi wa betri), na pini ya 86 iguse waya ambao una umeme pale tu swichi ya funguo inapofunguliwa, kwa mfano waya wa taa ya breki kabla haujafika kwenye swichi ya breki. Kwa mpangilio huo, ukichomoa funguo gripu zinazimika. Waya huo wa funguo hubeba sehemu ndogo tu ya ampea, kwa hiyo hauelemewi. Kabla ya kuugusa, hakikisha kwa mita kwamba unasoma volti za betri kwa mkondo mnyoofu.

Kwa mzigo wa ampea tatu hadi nne, waya wa milimita moja ya mraba unatosha. Maungio yabanwe kwa vichwa vya waya vinavyoingiana na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia tepu ni desturi ya vijiweni ambayo haifai hapa: barabara za vumbi zenye mawimbi, kama zile za vijiji vya Bahi na Chamwino, hutikisa maungio mpaka yalegee, gundi ya tepu huyeyuka kwa jua la Oktoba, na mvua zikianza Desemba maji huingia. Risasi ya kuchomelea ni nzuri ikiwa sehemu hiyo haichezi. Kwenye waya unaopinda, hukatika pale pale risasi inapoishia.

Shingo ya usukani ndiyo hukata nyaya nyingi. Zipitishe pamoja na nyaya za kiwandani, upande zinakopinda taratibu bila kukunjwa, na uzifunge kwa kamba za plastiki bila kuzikaza mpaka ziumie. Geuza usukani pande zote mbili kabla ya kukata ncha za kamba hizo.

Zikigoma

Gripu ya kushoto ikiwa ya uvuguvugu kuliko ya kulia, usifungue kitu. Ya kushoto imekaa juu ya chuma, na chuma kinaiba joto. Ya kulia imekaa juu ya plastiki inayolizuia lisipotee. Baadhi ya watengenezaji hufidia tofauti hiyo, wengine hawafidii.

Upande mmoja ukiwa baridi kabisa, chomoa soketi za gripu zote mbili na uzipime kwa omu, moja moja. Kwa jozi ya wati 36 ambayo gripu zake zimeunganishwa sambamba, kila moja inatakiwa isome karibu omu 8. Nzima itakupa kipimo chake, iliyokatika haitaonyesha kitu. Ya kulia ipime huku ukizungusha mkono wa mafuta: namba zikirukaruka, waya umekatika nusu pale kwenye shina, na chanzo mara nyingi ni kitanzi kilichonyimwa ulegevu. Zote mbili zikiwa baridi, anza na fyuzi. Iliyoungua isibadilishwe kwa yenye ampea kubwa zaidi, wala kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, bali itafutwe sehemu iliyochubuka, ukianzia kwenye shingo.

Swichi inayowaka na kujizima yenyewe huwa haijaharibika. Nyingi zimewekewa kinga ya kujizima betri ikishuka sana. Pima volti kwenye betri na kwenye maungio ya swichi kwa wakati mmoja wa mzigo; tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu njiani au asi imefungwa juu ya rangi ya fremu. Ikiwa hakuna tofauti, basi ni ile hesabu ya wati tuliyoianza, na dawa ni kupunguza ngazi ya joto.

Kile kifaa kingine

Gripu hupasha kiganja, lakini upepo hupiga mgongo wa mkono, na hakuna wati zinazoushinda. Mifuko minene ya kukinga mikono inayofungwa kwenye usukani, ambayo mshonaji yeyote wa Soko la Majengo anaweza kuishona kwa turubai na kitambaa cha ndani, haili umeme hata kidogo. Pikipiki iliyoshindwa kipimo cha balbu ivalishwe hiyo, na iliyofaulu ikivalishwa vyote viwili, ngazi ya chini ya joto itatosha hata kwa safari ya Kongwa alfajiri. Mfuko usibane vishikio, na mkono utoke nje upesi bila kuutafutia mlango.

Kipupwe kikiisha, chomoa fyuzi ya gripu na uihifadhi chini ya kiti. Mpira wake utaendelea kutumika kama gripu ya kawaida, ila kila unapobadilisha waya wa mafuta mkumbushe fundi kwamba bomba la kulia lina waya wa umeme, asije akaling'oa kwa koleo.